Chai ya Udahili

Bi Mwiko alikuwa mtu wa kinyaa tangu ujana wake, na kazi aliyoifanya ilimtaka awe hivyo. Alipika uji wa wanafunzi katika shule ya msingi ya serikali, kwenye jiko la nyuma lenye kuta nyeusi kwa masizi, mpaka magoti yalipomgomea akastaafu. Jina alipewa na watoto, kwa sababu mwiko haukumtoka mkononi, na aliyekuja na kikombe kichafu alirudishwa bombani bila mjadala. Siku moja uji ukiwa umeshaiva aliona mende anaelea ndani ya sufuria. Mwalimu mkuu wa wakati huo, bwana mwenye haraka zake, akamwambia amtoe huyo mende agawe uji, kengele imeshalia. Bi Mwiko akamjibu, "Lete kikombe, mwalimu, nianze na wewe." Mwalimu mkuu akakumbuka ana mgeni ofisini. Uji wote ukamwagwa shimoni, na Bi Mwiko akaanza kukoroga upya huku akisonya.

Mwanawe wa pekee alisoma hapo hapo. Watu hawajui, lakini Bi Mwiko aliacha chumba kizuri chenye umeme akahamia kibanda kinachovuja ili mtoto awe karibu na shule ile, maana alisikia kuna mwalimu wa hesabu asiyefanya mzaha na kazi yake. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani alikuwa mama wa kizamani asiyejua mzazi kuchagua shule ni kitu gani. Alichagua, tena kwa gharama ya mgongo wake. Wanafunzi wenzake walimwita yule mtoto Ukoko, kwa kuwa mama yake alimwekea ukoko wa sufuria kila siku, naye aliukwangua nyuma ya jiko kwa raha zote mpaka alipojua maana ya kuchekwa. Toka hapo akawa mkali kama pilipili. Mwalimu mmoja alimsingizia wizi wa chaki, naye akasimama mbele ya mstari, mdogo vile, akadai aombwe radhi mbele ya watu, na aliombwa. Bi Mwiko alikuwa mlangoni mwa jiko akisikia. Alivimba kichwa wiki nzima.

Ukoko akakua, akawa meneja wa mauzo kwenye kampuni ya matangi ya maji, na tangu hapo hata nyumbani akaitwa Meneja. Akaoa binti anayeuza dawa kwenye famasi, wakapata mtoto wa kike asiyefunga mdomo tangu anaamka mpaka analala, ndipo bibi yake akamwita Chiriku. Bi Mwiko akahamia kwao. Alimlea Chiriku, alipika, alifua, alipiga deki, na hakuna aliyemlazimisha. Ilikuwa nyumba ya mwanawe na mtoto wa mwanawe.

Sasa ile shule ya zamani ilikuwa imeoza. Lazima lisemwe hilo, maana kuna watu wakisikia habari hii watasema si wangempeleka tu mtoto shule ya serikali. Chiriku alikwenda pale akakaa chini sakafuni, wamebanana, na mwalimu wake alishinda anauza barafu za juisi kwa wanafunzi wake mwenyewe huku darasa likijiendea. Daftari lilikuwa linarudi jeupe. Meneja aliposema mtoto atahamishwa, Bi Mwiko alikuwa wa kwanza kuunga mkono. "Mwanao ni wako," alimwambia. "Mtafutie pa maana."

Pa maana palikuwa ile shule ya ukuta mrefu, ambayo mji mzima uliisema kwa sauti ya chini kana kwamba ni hospitali ya wakubwa. Shule ile ilikuwa na utaratibu wake. Haikumpima mtoto kusoma wala kuandika. Ilimtuma mtu nyumbani, akakaa sebuleni, akanywa chai, akatazama. Wenyewe walisema hawadahili mtoto, wanadahili familia. Wazazi wakapagawa. Wakapaka rangi nyumba za kupanga, wakaazima makapeti, wakafundishana namna ya kushika kikombe. Ilikuwa shule ndiyo inayokuja kukagua choo cha mzazi, mzazi anainama mlangoni anacheka cheka, halafu akitoka hapo anajisifu kwa jirani kwamba amemchagulia mwanawe shule. Ukilitazama jambo lile sawasawa lilitia kichefuchefu, ila hakuna aliyekuwa analitazama sawasawa.

Jioni moja baada ya kula, mkwe akafuta meza mara mbili ingawa ilikuwa safi, akakaa karibu na Bi Mwiko.

"Mama, tuna ombi dogo."

"Haya, mwanangu."

"Wale watu wa shule wanakuja Jumamosi. Sasa, kule famasi kuna mama mmoja mtoto wake alikubaliwa, ndiye aliyeniambia. Hawapendi mtoto anayelelewa na bibi. Wanasema anadeka, halafu anaongea kimtaani."

Bi Mwiko hakuudhika. Kudeka kwa Chiriku alikujua, na alikuwa na mkono wake ndani yake. "Hakuna shida," akasema. "Jumamosi nitakwenda kushinda kwa mdogo wangu."

Mkwe akamtazama mumewe. Meneja alikuwa ameinamia simu yake, anapandisha na kushusha kidole, hasomi chochote.

"Ukiondoka nani atahudumia?" mkwe akasema. "Nyumba isiyo na mfanyakazi wanaiona haijiwezi. Na kuleta mtu mgeni ambaye hajui hata vikombe viko wapi, watagundua."

"Kwa hiyo?"

"Sema wewe," mkwe akamwambia mumewe.

"Mama, ni saa moja tu," Meneja akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Kwa ajili ya Chiriku."

"Saa moja ya nini? Niwe nani?"

"Msaidizi."

"Wa nani?"

"Mama, usinifanye niseme."

Bi Mwiko alicheka. Alidhani wanamtania, na walikuwa watu wa utani katika nyumba ile. Aliendelea kucheka peke yake mpaka akaona aibu ya kucheka peke yake. Alimtazama mwanawe, paji lile pana alilorithi kwake, na akasikia kitu kinampanda kooni kama mtu aliyemeza maziwa yaliyoharibika. Alipaswa kukataa pale pale. Hakukataa. Alifikiria daftari jeupe, akafikiria sakafu, akasema haya. Na asisifiwe kwa hilo, kwa sababu siku hiyo alifanya kile alichomkatalia mwalimu mkuu: alimtoa mende akaubakisha uji.

Maandalizi yalikuwa karaha tupu. Picha ya ukutani ya Bi Mwiko akimpakata Chiriku mchanga ilishushwa, ikatiwa uvunguni, na msumari ukafunikwa kwa kalenda. Vitabu vililetwa kwenye boksi kutoka kwa rafiki wa Meneja, vikubwa, vya jalada gumu, vina harufu ya panya. Bi Mwiko ndiye aliyevifuta. Vitatu vilihusu magonjwa ya kuku. "Haidhuru," alisema Meneja, "wataona migongo tu." Mkwe alileta aproni ya samawati yenye mfuko kifuani, mpya, bado ina mikunjo ya dukani, akaiweka juu ya kitanda cha Bi Mwiko bila neno.

Lakini hayo yote yangemezeka. Lililokuwa gumu ni mafunzo ya Chiriku. Kila jioni baba yake alimsimamisha katikati ya sebule, mfuko wa pipi mkononi, akamwonyesha Bi Mwiko kwa kidole.

"Huyu nani?"

"Bibi."

"Nani?"

"Bibi," Chiriku akasema, akicheka, akidhani baba amesahau.

"Hapana. Anti. Huyu ni anti anayetusaidia kazi. Nani?"

"Anti."

Pipi. Siku ya kwanza mtoto alimkimbilia bibi yake akamnong'oneza, "Bibi, tunacheza mchezo." Siku ya pili alikosea akacheka, akanyimwa pipi, akaacha kucheka. Kufikia Ijumaa alisema anti bila kufikiri na hakungoja pipi. Bi Mwiko aliyaona hayo yote akiwa amesimama, maana alitakiwa naye asimame, mikono mbele. Alikuwa ameshika panya waliokufa na kuzibua mifereji ya jiko la shule kwa mikono mitupu, lakini hakuwahi kushika kitu kichafu kama zile jioni.

Jumamosi mgeni akaja. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa suti ya kijivu, viatu vya chini, kijikoba kwapani, na macho ya mtu aliyelala vibaya. Shuleni kwao walimwita mama udahili. Alipita mlangoni mbele ya Bi Mwiko akasema, "Habari, anti," kama unavyomsalimia mlinzi wa benki. Alikaa. Meneja akaanza kuongea, na Bi Mwiko, aliyekuwa jikoni anapanga vikombe, akashindwa kuijua sauti ya mwanawe. Ilikuwa laini, imepakwa mafuta. Kila mgeni alichosema yeye alikuwa anawaza hivyo hivyo. Mgeni akisema watoto wa siku hizi wanahitaji nidhamu, Meneja anasema nidhamu ndiyo kila kitu. Mgeni akisema asizidishiwe nidhamu, Meneja anasema kabisa, asizidishiwe. Mkwe alikuwa anaitikia kwa kichwa mpaka ukaogopa shingo itachomoka.

Bi Mwiko akaingia na sinia. Alipoinama kuiweka mezani goti lilimsaliti, vikombe vikagongana, na Meneja akanyanyuka nusu kitini. Akajikumbuka. Akakaa.

Ndipo Chiriku, aliyekuwa ametulizwa kwenye kochi na gauni lenye mkanda, akasema bila kugeuza uso, "Anti, umesahau sukari."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Neno anti alifundishwa, lakini sauti ile aliitunga mwenyewe. Bi Mwiko akamtazama mwanawe akingoja japo aone haya. Meneja alikuwa anatabasamu. Mkwe naye. Walikuwa wanamtazama mtoto kwa fahari kama siku alipotembea kwa mara ya kwanza.

Bi Mwiko akarudi jikoni kuchukua sukari.

Mgeni akasema, "Sasa mtaniwia radhi kidogo. Sisi huwa tunaongea na mfanyakazi peke yake. Mfanyakazi ndiye anayejua nyumba." Hili yule mama wa famasi hakulisema, au alilificha kwa makusudi. Meneja akasema, "Bila shaka," kwa sauti iliyokatika katikati, na mama udahili akaingia jikoni, akaufunga mlango nyuma yake.

Sasa yote yalikuwa mkononi mwa Bi Mwiko, naye alilijua hilo. Neno moja, na mtoto anarudi sakafuni kwa mwalimu muuza barafu. Neno jingine, na aproni ile anaivaa maisha. Alisimama na bakuli la sukari.

Mgeni aliegemea mlango. Kisha akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Mwiko akaitika kabla hajafikiri. Kisha akasema, "Nani kakuambia mimi ni mama yake?"

"Hakuna. Ulipoingia na sinia huyo bwana alitaka kukupokea. Mtu hampokei mfanyakazi wake. Halafu mna paji moja." Alivuta stuli akakaa, akavua kiatu kimoja akajikanda kidole. "Usiogope. Wiki hii wewe ni wa tatu. Juzi kulikuwa na babu wamemweka stoo, kakaa juu ya gunia la mkaa, anakohoa. Wakaniambia ni paka."

Bi Mwiko hakucheka. "Kwa hiyo mnawakataa hao."

"Tuwakatae? Mama, hao ndio tunaowataka." Alisema kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. "Mzazi atakayekukalisha sebuleni akasema huyu ni mama yangu, muulize lolote, huyo ana kichwa kigumu. Ada ikipanda ataitisha kikao. Mtoto akichapwa atakuja kusimama getini. Atataka kujua mwalimu kasomea wapi. Lakini huyu wa kwako? Kama amekubali kukuvalisha hiyo, sisi tutamwambia nini akatae?"

Bi Mwiko akaweka bakuli chini. "Na huku kote mnakuja kunywa chai kwa ajili hiyo?"

"Kwa ajili hiyo. Wao wanasema wanachagua shule. Waache waseme."

"Mbona unaniambia mimi?"

Mama udahili akavaa kiatu chake. "Nachoka, mama. Kuna mtu inabidi nimwambie. Na ninyi wa jikoni mnaelewa." "Mama yangu mimi yuko hai. Pale kazini wanajua nilishamzika." Akachukua kipande cha keki kilichobaki kwenye sahani, akakila palepale kwa vidole, akajifuta makombo kwenye suti. Alipotoka alikuwa na tabasamu la kazini, na Bi Mwiko akamsikia akiaga kwa maneno matamu mpaka getini.

Bi Mwiko alikaa kwenye ile stuli yenye joto la yule mwanamke, akanyanyuka haraka, akaifuta kwa kitambaa cha vyombo. Alisikia kinyaa mpaka kwenye meno. Lakini katikati ya kinyaa kile kulikuwa na faraja, na ndiyo iliyompa nguvu ya kungoja. Alimjua mwanawe. Ukoko anaweza kujidanganya, anaweza hata kumvalisha mama yake aproni akijidai anafanya kwa upendo, lakini hakubali kufanywa mjinga. Akisikia kwamba wamemtazama wakamwona ni mtu wa kuburuzwa, atakwenda kulipiga teke lile geti. Atamtafutia Chiriku shule nyingine, na shule zipo, mji si mdogo hivyo. Yule mtoto aliyesimama mstarini yumo humo ndani, anahitaji kuamshwa tu.

Meneja akaingia jikoni mbio, tai imelegea, jasho limemtoka. "Mama, amekuuliza nini? Umemjibu nini?"

"Kaa."

"Nitakaaje? Niambie."

Akamwambia. Hakupunguza wala hakutia chumvi. Alimwambia kuhusu shikamoo, kuhusu babu wa stoo, kuhusu kichwa kigumu na kikao cha ada na kuchapwa. Alimwambia, "Amesema kama umekubali kunivalisha hii, wao watakuambia nini ukatae." Alilisema polepole, akimtazama machoni, akiingoja ile hasira kama mtu anayengoja maji yachemke.

Na uso wa Meneja ukabadilika kweli. Ukawa mwekundu chini ya weusi wake, mishipa ikamsimama shingoni. "Amesema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

"Kwamba mimi ni mtu wa kuburuzwa."

"Ndiyo, mwanangu."

Mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mdomoni. Meneja akamgeukia, kisha akamrudia mama yake.

"Na akasema hao ndio wanaowataka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Una uhakika, mama? Alisema ndio wanaowataka, au alisema wanawafikiria?"

Bi Mwiko alimtazama. "Alisema ndio wanaowataka."

Meneja akatoa pumzi ndefu, mabega yakamshuka. "Kwa hiyo tumepita," akamwambia mkewe.

Mkewe akaanza kulia kwa furaha. Wakakumbatiana pale kati ya jiko na friji, na Meneja akanyoosha mkono mmoja akamvuta mama yake naye aingie, akampigapiga mgongoni juu ya kamba za aproni. "Asante, mama. Umetuokoa, wallahi. Nilijua tu hutatuangusha."

Chiriku akatokea mlangoni, mkanda wa gauni umefunguka, pipi shavuni. Aliwatazama wote watatu.

"Amekwenda?" akauliza. "Sasa naweza kumwita bibi?"

Meneja na mkewe wakatazamana.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Meneja akasema. "Tusije tukaharibu."

Bi Mwiko akajitoa mikononi mwao. Alifika kwenye sinki kwa hatua za mtu anayetembea gizani, akalishika kwa mikono miwili, akatapika juu ya vikombe vya wageni. Nyuma yake akamsikia mwanawe akisogea, na sauti yake ilikuwa ile ya kawaida, ya zamani, yenye huruma ya kweli.

"Mama? Vipi tena? Umekula nini leo?"